Je, mpaka wa Busia uko wazi kweli kwa sisi wafanyabiashara wadogo wa nafaka?

Muuza Nafaka, Nakuru

Hamjambo nyote. Ninafanya biashara ya nafaka hapa Nakuru, na kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikinunua mahindi na maharagwe Busia pamoja na kina mama wenzangu wanne. Tunakodi lori moja, tunagawana gharama, kisha kila mmoja anauza mzigo wake sokoni kwa gunia au kwa gorogoro. Ninaandika kwa sababu kuna jambo linalonisumbua ambalo semina nilizohudhuria hazijanijibu.

Tunaambiwa kwamba mpaka uko wazi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa Januari 2005, Soko la Pamoja likafuata tarehe 1 Julai 2010, na kwa mujibu wa mikataba hiyo mahindi yaliyolimwa Iganga yanapaswa kuingia Kenya bila ushuru wa forodha, sawa na yaliyotoka Kitale. Lakini mwezi wa Machi 2021 lori letu lilikuwa kwenye foleni ng'ambo wakati ilipotoka barua ya kuzuia mahindi yote ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile tuliyoizoea kwa jina la aflatoksini. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa na masharti mapya yakatangazwa, ila kwa mwenye mtaji mdogo siku chache ni nyingi: mvua ilinyesha, turubai likavuja, magunia ya chini yakashika joto, na mwenye lori akadai alipwe kwa kila siku gari lake liliposimama. Mwenzetu mmoja hakurudi tena katika biashara. Simlaumu anayetaka tule chakula salama, maana mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa nchi yetu kwa sumu hiyo hiyo. Ninachouliza ni hiki: mpaka unaoweza kufungwa kwa barua moja, mzigo wa watu ukiwa tayari barabarani, tunauitaje wazi?

Na nyumbani hatukubaliani. Wifi yangu analima mahindi Cherangany, na kila tunapokutana ananiambia kwamba mimi na lori langu ndio tunaomuua. Nami humjibu kwamba mwezi wa Juni, ghala lake likiwa tupu na watu wa Nakuru wakitaka unga, yeye hana gunia hata moja la kuniuzia. Kwa hiyo naomba wenye ujuzi mnisaidie: mipaka ikifunguliwa kabisa kati ya majirani kama sisi, nani anafaidika, nani anaumia, na huyo anayeumia amewekewa nini? Tena, mtu aliyepata hasara kama yetu angelalamika wapi?

Wakala wa Forodha, Busia

Dada, pole kwa hasara hiyo. Nimefanya kazi ya uwakala hapa mpakani kwa miaka mingi, na naomba nianze kwa kutenganisha mambo ambayo huchanganywa kila yanapozungumzwa.

Kuvuka kwa mtu ni jambo moja. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, na hapa Busia, ambako Wasamia wa pande zote mbili ni ndugu wa damu, hilo limewaondolea watu bughudha kubwa ya kwenda mazishini au harusini kama wageni. Kuvuka kwa bidhaa ni jambo la pili, na lina masharti yake. Kumiliki ardhi ni jambo la tatu, ambalo itifaki ya Soko la Pamoja yenyewe iliacha liamuliwe na sheria za kila nchi. Kwa hiyo mtu akisema mipaka ifunguliwe kabisa, kwanza aulizwe anataka kufungua lipi kati ya hayo.

Upande wa bidhaa kuna mengi yaliyofanyika. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018, na utaratibu wake ni kwamba gari linaloingia Kenya halisimamishwi mara mbili, bali maafisa wa Uganda na wa Kenya wanalihudumia wakiwa chini ya paa moja upande wa Kenya, na linalokwenda Uganda huhudumiwa vivyo hivyo upande wa Uganda. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna utaratibu uliorahisishwa: mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa hapa hapa mpakani, na ushuru wake wa forodha unakuwa sufuri. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, wala hakiondoi kodi za ndani pale zinapohusika. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba mali imetoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lori lenu la watu watano, mzigo ukiandikwa kwa jina moja, huvuka kiwango hicho na kuhitaji wakala na cheti kamili, ingawa ushuru wa forodha unabaki kuwa sufuri.

Jambo linaloniuma kila siku ni kwamba kina mama wengi hawayajui haya. Wanabeba debe kichwani au kwenye baiskeli, wanapita njia za panya, wanatoa kitu kidogo kwa huyu na kwa yule, na jioni ukihesabu wametoa fedha kuwatoroka maafisa ambao hawangewatoza ushuru wowote. Hofu hiyo ni ya vizazi. Hata jina la bodaboda lilizaliwa katika eneo hili na baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, wakati ambapo kuvuka kwa miguu na mzigo mzito kulikuwa adhabu.

Kuhusu sumukuvu, tuseme wazi kwamba kuvu haina uraia. Mahindi yaliyoua watu mwaka 2004 yalikuwa yamelimwa na kuhifadhiwa huko huko yakiwa na unyevu. Baada ya marufuku ya 2021 kuondolewa, waagizaji walitakiwa kusajiliwa, na kila shehena ije na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 katika kila bilioni, pamoja na cheti cha asili. Sharti hilo nalitetea. Kosa lilikuwa kwamba lilikuja baada ya mlango kufungwa, ilhali lingeweza kutangazwa mapema na likapewa muda. Ushauri wangu kwako ni kwamba upime unyevu kule unakonunua, kabla gunia halijapanda lori, na usikubali mahindi yaliyozidi asilimia 13.5 hata ukibembelezwa kwa bei.

Mkulima, Kitale

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na kwa kuwa wifi yako hayupo hapa kujisemea, niruhusu nimsemee.

Mimi sina ugomvi na Waganda. Nina ndugu ng'ambo ya Suam, tunazungumza lugha moja, tunazikana na kuoana. Lakini tazama kalenda, mama. Sisi huku tunapanda Machi na Aprili tukingoja mavuno moja tu, yanayoanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Sehemu kubwa ya Uganda inavuna mara mbili: mavuno ya kwanza hutoka kati ya Juni na Agosti, na ya pili hutoka mwishoni mwa mwaka na kuingia Januari. Unaposema kwamba mwezi wa Juni sina gunia la kukuuzia, umesema kweli kabisa, na mahindi yako ya Busia wakati huo yanaokoa watu, mimi nikiwa mmoja wao kwa kuwa nami hununua unga. Ila Desemba ni habari nyingine. Wakati huo mahindi yangu yamejaa uwanjani, hayajakauka, karo ya Januari inanikodolea macho, na ndipo mavuno ya pili ya jirani yanapovuka. Mnunuzi anajua kwamba siwezi kusubiri, na bei inakuwa ile anayoitaja yeye. Kwa hiyo wewe una haki ya Juni na wifi yako ana haki ya Desemba, nanyi mmekuwa mkibishana kana kwamba mwaka mzima ni msimu mmoja.

Gharama nayo haifanani. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 kabla serikali haijauteremsha kwa ruzuku hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Tunashukuru kwa hilo, lakini shamba langu limelimwa mfululizo tangu enzi za babu, halitoi kitu bila mbolea, na natumia trekta la kukodi. Kuna mwenzangu ng'ambo ambaye udongo wake bado una rutuba na anaotesha bila mfuko hata mmoja. Ukituweka katika soko moja bila kuangalia hilo, yeye atashinda, na hatashinda kwa kunizidi bidii.

Nina neno moja zito zaidi, nami nalisema nikilimaanisha. Uganda ndiyo nchi inayonunua bidhaa nyingi za Kenya kuliko nchi nyingine yoyote: sabuni, mafuta ya kupikia, saruji, mabati. Bidhaa hizo nyingi zinatoka viwanda vya Nairobi, Mombasa na Thika. Kila Kenya inapozungumza na Uganda, viwanda hivyo vinataka mpaka uwe wazi ili viuze, na Uganda kwa haki inasema ikifungua kwa sabuni, nasi tufungue kwa mahindi, maziwa na sukari. Hapo faida inaingia upande mmoja wa nchi, na malipo yake yanatolewa na sisi wa kaunti hii ya Trans Nzoia pamoja na wenzetu wa miwa kule Muhoroni na Chemelil. Hakuna aliyewahi kuja kwetu akasema kwamba kwa kuwa ninyi ndio mnaobeba mzigo huu, chukueni mashine ya kukausha nafaka ya kutosha kata nzima. Nikiwa na mahali pa kukaushia na ghala linalonipa stakabadhi ambayo benki inaikubali kuwa dhamana, sitauza Desemba. Nitauza Mei, na lori la mama huyu halitanitisha tena. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu mwaka 2019. Kinachokosekana ni ghala lenyewe kuwa karibu na mkulima wa ekari tatu.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na mitatu, na nimefurahi kuona swali linaloulizwa na mtu anayelipia jibu lake mfukoni. Mkulima wa Kitale ameligusa jambo ambalo waasisi wa Jumuiya ya kwanza walilijua vizuri kuliko tunavyodhani.

Kwanza niwakumbushe kwamba mstari huu wa mpaka ni mchanga. Reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901 iliitwa Reli ya Uganda, na wakati huo Kisumu ilikuwa Uganda kweli, kwa sababu Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha. Ulihamishiwa upande huu mwaka 1902 kwa uamuzi wa Waingereza, bila mkulima yeyote wa Nakuru au mvuvi yeyote wa ziwa kuulizwa. Silitaji hili ili mtu adai ardhi. Idi Amin alidai hivyo mwaka 1976 na akatia hofu tupu. Nalitaja ili tuelewe kwamba biashara ya Busia, Malaba na Lwakhakha haikuletwa na mkataba wowote. Ilikuwepo, nao mstari ukapita katikati yake.

Mkataba wa mwaka 1967 uliotiwa saini Kampala uliunda Jumuiya kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Waliouandika walijua kwamba Kenya ilikuwa na viwanda vingi kuliko wenzake, na kwamba soko likiachwa lijiendee, faida ingezidi kurundikana Nairobi. Wakaweka dawa mbili. Nchi yenye upungufu katika biashara ya viwanda na mwenzake iliruhusiwa kutoza kodi maalumu kwa muda ili viwanda vyake vichanga vipate kusimama. Ikaundwa pia Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, na mgawo wa mikopo yake ukaandikwa kwa tarakimu: Uganda asilimia 38.75, Tanzania asilimia 38.75, na Kenya asilimia 22.5. Yaani aliyekuwa na zaidi alikubali kwa maandishi kupewa kidogo. Dawa hizo hazikutosha, siasa za Amin na tofauti za sera zikaongezeka, shirika la ndege la pamoja likasambaratika mapema mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983.

Naomba nikae kidogo katika miaka hiyo, kwa sababu wengi wenu hamkuiona. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapaa, na mkulima wa Uganda alikuwa akilipwa na serikali yake fedha zisizonunua kitu. Basi kahawa ikateremka Mlima Elgon usiku, kwa punda na kwa vichwa vya watu, hadi soko la Chepkube upande wa Bungoma. Watu walijenga nyumba za mawe kwa magendo yale, na wengine walipoteza maisha njiani. Sikuzote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba Chepkube ndipo mtu angejifunza uchumi wa mpaka: bei mbili zinapoachana sana pande mbili za mto, bidhaa itavuka, na kitu pekee ambacho serikali huamua ni kama itavuka mchana ikiwa na karatasi au usiku ikiwa na hofu.

Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, imekua hadi kuwa na nchi wanachama nane, kutoka Somalia hadi Kongo. Imefanya mengi mema, lakini sijaona ndani yake mgawo ulioandikwa kwa uwazi kama ule wa benki ya 1967, unaosema aliyefaidika amlipe nini aliyeumia. Na hata nchi moja yenyewe haijifanyii hivyo ndani, kama Mkulima alivyoeleza kuhusu viwanda na mashamba.

Mara nyingi tunatajiwa Ulaya. Ni kweli kwamba Luxembourg, nchi ndogo kuliko kaunti zetu nyingi, huingiza kila siku ya kazi wafanyakazi zaidi ya 200,000 wanaotoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani na kurudi makwao jioni. Lakini makubaliano ya Schengen, ya kuondoa ukaguzi katika mipaka ya nchi hizo, yalitiwa saini mwaka 1985 na nchi tano tu, na vizuizi vikaondolewa mwaka 1995. Miaka kumi ilitumika kulinganisha sheria kabla ya kuondoa mlinzi langoni. Sisi huwa tunamwondoa mlinzi kwa sherehe, halafu tunamrudisha bila kumwambia mtu. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu na kununua mazao shambani, na vijana wa Kenya waliokuwa wamejijengea maisha huko walijikuta katika hali ile ile uliyojikuta wewe, mama, ukiwa na lori lako Busia.

Mchuuzi wa Viazi, Molo

Naongeza jambo dogo, wazee wangu. Kabla hatujafika Busia tuna mipaka yetu wenyewe. Mimi nikitoa viazi Molo kwenda Kisumu, nalipa ada ya mazao nikipakia, nakutana na kizuizi kingine njiani, na sokoni nadaiwa tena, huku kila kaunti ikisema stakabadhi ya mwenzake haiihusu. Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinakataza kaunti kutoza kodi kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Ningependa tujaribu kwanza soko la pamoja kati ya Nakuru, Kericho na Kisumu.

Muuza Nafaka, Nakuru

Nawashukuru kwa dhati. Mkulima, maneno yako kuhusu Juni na Desemba nimemsomea wifi yangu kwa simu jana usiku, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo anajua." Tumekubaliana kwamba mwaka huu nitaanza kununua kwake na kwa majirani zake kuanzia Novemba, mahindi yakiwa yamepimwa unyevu, na nitamlipa nusu wakati wa kupakia ili karo isimlazimishe kuuza kwa dalali. Sisemi kwamba nimetatua tatizo la Trans Nzoia. Lakini Busia nitaenda Juni hadi Agosti, na nadhani kila mmoja wetu angeweza kupanga hivyo endapo angejua hakika kwamba Juni hiyo mlango utakuwa wazi. Hilo la kujua ndilo ninalolitamani kuliko hata ushuru wa sufuri. Nipeni masharti magumu, nitayatimiza, mradi nisiyasikie nikiwa kwenye foleni.

Wakala, bado hujanijibu kuhusu mahali pa kulalamika.

Wakala wa Forodha, Busia

Ni kweli, dada, niwie radhi. Hapa mpakani unaweza kuripoti kikwazo kwa maafisa wa biashara, nacho huingizwa katika utaratibu wa Jumuiya wa kuondoa vikwazo visivyo vya ushuru, ambao una sheria yake ya mwaka 2017. Huko ni mazungumzo kati ya serikali, na huchukua muda.

Njia nyingine ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha, ambayo ina masjala ndogo Nairobi. Kifungu cha 30 cha Mkataba kinampa mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama haki ya kuiuliza mahakama hiyo kama sheria, agizo au uamuzi wa nchi mwanachama unakwenda kinyume na Mkataba, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Masharti yake ni ya muda: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tendo hilo lifanyike au tangu ulipolijua. Kwa lori lako la 2021 muda huo umepita. Lakini ninyi mko watano, na wapo wengine kama ninyi Nakuru, Kisumu na Bungoma. Jisajilini kama kikundi, wekeni nakala za vyeti vya asili, vya sumukuvu na stakabadhi za lori kwa kila safari, ili siku barua nyingine ikitoka muwe na karatasi mkononi siku hiyo hiyo.

Muuza Nafaka, Nakuru

Nimeunakili muda huo wa miezi miwili pamoja na kifungu. Tunakutana Jumamosi, na mwenzetu yule aliyeacha biashara amekubali kuja kutueleza ni stakabadhi zipi bado anazo.